Shahidi Aliyeachwa Mlimani

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Cyrus akiwa kafungua mdomo, na wiki nzima simu yangu haikupumzika. Atasema? Hatasema? Dada mmoja wa Tabata ameniandikia kunisihi nimhurumie Saif, eti kijana naye ana moyo. Moyo anao, dada yangu. Hata kuku anao. Tuendelee.

Kwa uliyeingia leo, mambo ni haya. Ni Ijumaa, alasiri, sebuleni kwa Mzee Ubaid, ghorofa ya tatu, Al Mankhool, Dubai. Saif, meneja wa ghala kule Freezone, eneo la biashara la uwanja wa ndege, kaleta posa. Anamtaka Hala, binti pekee wa Mzee, mfamasia, miaka ishirini na saba. Saif kaja na ba'mdogo wake Wahid, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakaribia kusimama zenyewe. Barua ya posa imeshasomwa. Halua imeshakatwa.

Lakini Mzee Ubaid ana kanuni yake, na anaipenda kuliko anavyowapenda watu wengi. Hamuozi binti yake mtu asiye na shahidi aliyesafiri naye. Hataki jirani. Hataki imamu. "Mjini kila mtu ana adabu," husema. "Niletee aliyelala naye njaa njiani."

Na Saif alisafiri na nani? Na Cyrus, Mkenya wa Murang'a, karani wake wa ghala, anayelala kwenye chumba cha watu sita kule Karama. Wawili hao walitembea Amerika ya Kusini wiki tano na mabegi mgongoni: Lima, Arequipa, Cusco, La Paz. Na katikati ya hiyo safari wakapanda mpaka magofu ya Choquequirao, mji wa mawe wa watu wa kale, juu ya mlima, ambako gari haifiki na mtu hupanda kwa miguu yake siku mbili.

Kule juu Saif alimwacha mwenzake. Tunajua, tulikuwako sehemu ya tisa. Lakini aliporudi Dubai alisimulia kuwa alimbeba mgongoni, na hadithi hiyo imeshazunguka misikiti mitatu na kinyozi mmoja.

Basi Mzee Ubaid akauliza: "Cyrus mwanangu, goti lako lilipoteguka kule mlimani, huyu alikubeba kama anavyosema, au alikuacha?"

Cyrus akafungua mdomo.

"Alinibeba, Mzee."

Ndiyo. Soma tena ukitaka. Mimi mwenyewe nilipofika hapo nilitupa kalamu nikaenda kunywa maji.

Sababu anayo. Mkataba wake unakwisha siku kumi na mbili zijazo. Jumatano Saif alimwita ofisini, akamwonyesha fomu ya kuongeza mkataba, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Ijumaa uje kwa Mzee Ubaid," alimwambia. "Ukisema vizuri, Jumatatu nasaini. Ukinitia aibu, viza yako khalas."

Hiyo ndiyo sababu. Waoga wote wanazo, na zote huwa nzuri.

Mzee Ubaid akashusha pumzi. "Alhamdulillahi."

"Si nilikwambia?" Wahid akasema, huku akijimegea halua kwa mara ya nne. "Damu yetu hii. Kwetu mtu haachi mtu."

Saif akachangamka. Wasomaji, hakuna kitu kinachochosha macho kama mwoga aliyechangamka. Alitoa simu yake, akaiunganisha na televisheni kubwa ya ukutani, na kila kilichokuwa kwenye simu kikaonekana ukutani.

"Ami, ngojeni mwone wenyewe."

Tukaona. Saif Lima, kavaa miwani ya jua siku ya mawingu. Saif Arequipa, nyuma yake volkano, mbele ya volkano Saif. Saif na alpaka, mnyama wa sufi wa kule, sokoni Cusco, na katika hao wawili aliyetoka vizuri ni alpaka. Saif La Paz, ndani ya kigari kinachoning'inia kwenye waya juu ya mapaa ya mji, kacheka mpaka ufizi.

Safari yenyewe aliitaka Cyrus. Aliitamani tangu yuko kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alipowaonyesha mchoro wa miji ya mawe. Kihispania alijifunza Cyrus, miaka miwili, kwenye metro. Ramani alisoma Cyrus. Hosteli alitafuta Cyrus. Saif alidandia mwishoni, aliposikia kuwa Hala anapenda watu waliotembea duniani. Na kwenye picha zote hizo Cyrus hayumo, maana, ukiondoa ya La Paz, ndiye aliyekuwa akipiga.

"Hapa sasa," Saif akasema, akisimamisha picha ya ngazi za mawe ndani ya ukungu, "ndipo nilipomtia mgongoni. Kilo themanini na mbili, Ami! Mvua, tope, korongo huku na korongo huku. Nikasema ya Rabbi, nipe nguvu."

"Picha uliyombeba iko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Bi Masuda, dada yake Mzee Ubaid. Wanawake walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia lililoachwa mwanya, na Bi Masuda hakuwahi kuona pazia kuwa ni sababu ya kunyamaza.

"Nani angeipiga, Shangazi?" Saif akajibu haraka. "Tulikuwa wawili tu."

"Na ile ya La Paz uliyocheka, aliipiga nani? Mgonjwa wako?"

Saif akairudisha picha ya La Paz ukutani, akaitazama. "Hii... abiria mwenzangu."

"Masuda!" Mzee Ubaid akakohoa. "Shahidi keshasema. Khalas."

Nyuma ya pazia Hala alikuwa kakaa wima, mikono magotini. Alikuwa amesikia "alinibeba" ile, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. Msomaji, yaliyokuwa hatarini ndani ya sebule ile si heshima ya Saif. Huna haja ya kuitafuta, haipo. Yalikuwa ni maisha ya huyu binti, na yalikuwa yamebakiza kikombe kimoja cha kahawa.

"Limebaki jambo dogo," Mzee Ubaid akasema. "Kwetu watu waliosafiri pamoja wakirudi hupeana radhi. Njiani hakosekani mkosaji. Neno kali, tonge, usingizi. Saif, mwombe mwenzako radhi, naye akupe. Halafu tusome Fatiha, mambo yaishe."

Sasa hapa nisikilizeni vizuri.

Kwa watu wa pwani jambo hilo ni la nusu dakika. Huyu anasema niwie radhi kwa niliyokukosea, yule anasema nimekusamehe na wewe nisamehe, wanashikana mikono, kahawa inamiminwa. Hakuna anayetaja kosa. Ukilitaja umeharibu.

Cyrus hakuyajua hayo. Cyrus kalelewa na bibi yake kwenye kanisa la watu waliookoka huko Murang'a, ambako kusamehe ni kazi ya kusimama. Husamehi makosa kwa jumla. Unasimama mbele ya watu, unalitaja kosa kwa jina lake na siku yake, ndipo unaliachilia. Usipolitaja hujasamehe, umelificha tu. Na anayedanganya wakati wa kusamehe hamdanganyi mtu, anamdanganya Mungu.

Kumdanganya Mzee Ubaid aliweza. Alikuwa akijizoeza tangu Jumatano.

Saif akanyoosha mkono bila hata kumtazama, jicho liko kwenye picha yake mwenyewe. "Cyrus ndugu yangu, niwie radhi kwa yote niliyokukosea safarini."

Cyrus akasimama. Alisimama pole pole, maana goti bado halijapona. Akafumba macho. Mkono wa Saif ukabaki unaning'inia hewani.

"Saif, nimekusamehe," Cyrus akasema. "Nimekusamehe kwa Lima, ile siku uliwaambia wale Wajerumani wa hosteli kwamba mimi ni mpagazi wako."

Wahid akapaliwa na halua.

"Nimekusamehe kwa Arequipa, uliponiachia sahani tupu nikiwa naoga, ukasema ni paka."

"Cyrus, inatosha," Saif akasema huku akiuma meno.

"Bado, bosi. Wacha nimalize, niko katikati." Macho bado kayafumba. "Nimekusamehe kwa Cusco. Hewa ya huko ni nyepesi, ukaugua, ukatapika, nikakaa na wewe nikikuchemshia ile chai yao mpaka ukapata nafuu. Halafu ukaandika mtandaoni kwamba mgonjwa ni mimi na nesi ni wewe."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajiziba mdomo.

"Yalla, kaa chini!" Saif akamvuta kanzu, akakumbuka kwamba Cyrus hana kanzu, akamvuta shati.

"Mwache," Mzee Ubaid akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Na nimekusamehe kwa Choquequirao."

Wahid akaacha kutafuna. Hata kiyoyozi nadhani kilipunguza kelele.

"Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Tulikuwa tunashuka kwa yale matuta ambako wazee wa kale walichora wanyama kwa mawe meupe. Nikateleza. Goti likatoka mahali pake, nikalia kama mtoto, na sioni haya kusema. Ukaniambia unaenda kuita msaada, masaa mawili tu. Ukachukua nyumbu tuliyemkodi. Ukachukua maji na hema. Nilikungoja mchana huo, na usiku wake, na mvua ilininyeshea wote. Nikala maganda ya chungwa uliyoyatupa. Nikadhani umekufa njiani, Saif. Nilikuombea. Kumbe ulikuwa unawahi basi ya La Paz. Nilikuja kujua baadaye, niliposhika simu nikaona hiyo picha."

Akanyoosha kidole kwenye televisheni bila kufumbua macho, na wala hakukosea sana.

"Nimekusamehe yote kwa jina la Yesu. Na wewe unisamehe, maana nilikuchukia mbaya sana. Amina."

Akafumbua macho. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha, ya mtu aliyetua gunia. Akaushika mkono wa Saif uliokuwa bado hewani, akautikisa. Ndipo akatazama huku na huku.

"Si ndivyo mlivyosema?" akauliza.

Mungu wangu, nimeandika hadithi miaka kumi na tisa, sijawahi kuwa na mhusika mpumbavu kiasi hiki, wala sijawahi kumpenda mmoja kiasi hiki. Mapenzi hayo hayatamfikisha mwisho wa sehemu hii, lakini kwa dakika ile nilimpenda.

Saif akaruka. "Anaumwa! Ami, wallahi huyu mlima ulimharibu kichwa! Dakika kumi zilizopita si kasema nilimbeba?"

"Kasema," Mzee Ubaid akajibu. Akamgeukia Cyrus. "Umenambia maneno mawili, kijana. Lipi la kweli?"

"La kwanza lilikuwa jibu, Mzee." Cyrus akashika goti lake. "La pili lilikuwa msamaha. Mimi kwa msamaha sidanganyi."

Kwa familia ya kawaida mambo yangeishia hapo. Saif angetafuta viatu vyake mlangoni, nami ningewapa sehemu ya mwisho mapema. Lakini mmemsahau Wahid.

Wahid ni mtu aliyewahi kumuuzia jirani yake gari bovu, kisha akamshawishi amshukuru. Alijifuta vidole, akatabasamu.

"Haya, tuseme kijana kakosa," akasema. "Kaomba radhi au hakuomba?"

"Kaomba," Mzee Ubaid akasema.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Na mwenye haki kasamehe, tena kosa moja moja, kamaliza. Basi Saif anadaiwa nini? Na nani? Ubaid ndugu yangu, hapa hakuna mtu msafi kuliko huyu. Mimi na wewe tuna makosa hayajasamehewa bado. Ya huyu yameshafutwa yote, tumesikia kwa masikio yetu. Tusome Fatiha."

Nilidhani Mzee Ubaid atacheka. Hakucheka. Alianza kutikisa kichwa, taratibu, kwa kukubali.

Usishangae. Alikuwa ameshatangaza. Kila mtu Bur Dubai aliyewahi kuagana naye kwenye lifti alijua kwamba Ubaid anapata mkwe meneja. Mtu akishatangaza, hutafuta mlango wa kupitia, na Wahid alikuwa kamfungulia.

"Hilo nalo neno," Mzee Ubaid akasema.

"Ubaid!" Bi Masuda akapiga kelele.

Saif alikuwa keshaokoka. Mtu mwenye akili ya kuvukia barabara angenyamaza, akainamisha kichwa, akangoja dua. Saif hakuweza. Alikuwa kadhalilishwa na karani wake, mbele ya wakwe, na kidole kilikuwa kinamuwasha. Akainamia simu, akaanza kuandika.

Simu ilikuwa bado imeunganishwa na televisheni.

Herufi zikaanza kutokea ukutani, kubwa, moja baada ya moja, mahali pale pale palipokuwa na kigari cha La Paz. Aliandika kwa Kiingereza, kwa ofisi ya wafanyakazi. Mzee Ubaid akaangalia. Wahid akaangalia. Wahid akajaribu kukohoa, akajaribu kumkanyaga Saif mguu, lakini Saif alikuwa hasikii wala haoni, anaandika tu, ulimi katoa kidogo pembeni.

Bi Masuda alikuwa kafunua pazia. Akausoma ujumbe kwa sauti, akiutafsiri kwa Kiswahili safi cha Unguja.

"'Cyrus asiongezewe mkataba. Viza ifutwe Jumatatu asubuhi. Nidhamu mbovu.'" Akasubiri Saif apige kitufe, ujumbe ukaenda. "Ubaid, hii nayo ni picha ya safari? Mbona nzuri hivi."

Saif akainua kichwa. Akaona watu wanatazama juu yake. Akageuka, akakuta maneno yake mwenyewe yanamtazama.

Cyrus naye aliyasoma. Alikaa chini tu, kwenye ukingo wa kochi, akaanza kukanda goti.

Ndipo Hala akatoka.

Alipita kando ya shangazi yake, akaja mpaka katikati ya zulia, mbele ya waposaji. Wahid akageuza uso kwa haya. Haya hizo sijui alikuwa kazificha wapi muda wote ule.

"Hala, rudi ndani," baba yake akasema.

"Narudi, Baba. Neno moja. Kanuni yako inataka shahidi aliyeona kwa macho. Haya, shahidi ni wewe. Kaomba radhi, kapewa, na kahawa haijapoa kamwacha tena mtu yule yule. Mara ya kwanza ulisimuliwa. Hii umeiona."

Hala ana sauti ndogo. Ilitosha.

Mzee Ubaid akaitazama televisheni. Akamtazama Cyrus na goti lake. Na mimi, ambaye nimemsema mzee huyu wiki kumi mfululizo, nasema kweli kwamba alijikaza. Aliichukua barua ya posa, akamnyooshea Wahid.

"Chukua barua yako, Wahid. Binti yangu si mzigo wa kutelekezwa mlimani."

Bi Masuda akapiga kigelegele kimoja kifupi, akakikata. Wahid akashika barua kwa ncha za vidole. Saif alikuwa kama mtu aliyepigwa kibao, na alistahili kumi.

Hala alishusha pumzi ya wiki mbili. Machozi yakamlenga. Akamgeukia Cyrus, na kwa furaha ile akasema neno moja zaidi, neno la huruma, ambalo kama asingelisema, leo mngelala vizuri.

"Pole sana, Cyrus. Asingekuwa yule Mama Eulalia, ungekufa kule."

"Ni kweli," Cyrus akasema.

Saif akainua uso.

Uoga una faida moja, humfundisha mtu kusikiliza.

"Eulalia ni nani?" akauliza.

Cyrus akamtupia Hala jicho.

"Nauliza. Cyrus kasema kalala mvuani, basi, akaruka mpaka kwenye simu. Hajamtaja Eulalia yeyote. Mimi niliyesafiri naye simjui huyo Eulalia." Akasogea hatua moja. "Wewe uliyekuwa nyuma ya pazia, Hala, umemjulia wapi?"

Jamani, angeweza kudanganya. Angesema kasikia vibaya. Angesema kasoma mahali. Watu wote wa sebule ile walikuwa wameshadanganya alasiri hiyo, isingemdhuru naye kujipatia kipande chake.

"Cyrus ndiye aliyenambia," Hala akasema. "Nilimpigia simu. Wiki mbili zilizopita."

Mzee Ubaid akageuka taratibu.

"Sikuiamini hadithi ya kubebwa, Baba. Nikamtafuta, akanieleza yote. Kwamba aliyemwokoa ni mama mmoja wa kule juu, muuza viazi. Kamfunga goti kwa shali yake, kampandisha kwenye nyumbu wake, katembea kando yake siku mbili mpaka barabarani. Nikamwomba Cyrus aje hapa aseme kweli. Akaniapia atasema."

Kisha akamtazama Cyrus, na furaha yote ikawa imeshamtoka.

"Ulipoulizwa ukasema alikubeba."

Cyrus akainamisha kichwa.

"Ungeniacha niolewe naye. Wewe. Unayejua kuachwa kulivyo. Msamaha wako ulikuponyoka tu, hukuniokoa kwa kutaka."

"Dada Hala, nisamehe," Cyrus akanong'ona.

"Litaje."

"Nini?"

"Kosa. Si ndivyo mnavyofanya kwenu? Simama ulitaje, siku yake na saa yake. Ni leo, saa kumi na dakika ngapi sijui. Litaje, nikusamehe."

Hakusimama. Mambo ya Saif aliyataja yote, mpaka ya paka. La kwake mwenyewe hakulitaja, akarudi kukanda goti. Nawaambieni, pale nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau Saif, maana kwa Saif sikuwahi kutegemea kitu.

Lakini hatari haikuwa kwa Cyrus. Hatari ilikuwa imesimama nyuma ya Hala, imevaa kanzu ya baba yake.

"Ulimpigia," Mzee Ubaid akasema.

"Baba, nilitaka..."

"Kanuni yangu. Swali langu. Shahidi wangu. Mimi nimekaa hapa kama kadhi, nahoji, napima, kumbe binti yangu keshanipangia jibu wiki mbili nyuma."

"Nilitaka ukweli usemwe mbele yako. Basi."

"Nyuma ya mgongo wangu!"

Wahid, mzee wa magari mabovu, akaunusa upepo. "Ah, Ubaid, usijali," akasema kwa upole wa kuua. "Sisi hatutasema popote kwamba posa zako binti ndiye anayezikata. Aibu ya nyumba yako ni aibu yetu."

Hayo ndiyo maneno yaliyomwua. Si ujumbe ule uliokuwa bado unawaka ukutani. Si mtu aliyelala mvuani akila maganda. Ni hofu kwamba kwenye lifti watu watasema Ubaid anaongozwa na msichana. Mzee wa miaka sitini na nne, na hilo ndilo lililomtisha.

Akainyakua barua kutoka vidoleni mwa Wahid.

"Kaeni," akasema. "Saif, kaa."

"Ubaid, una wazimu?" Bi Masuda akauliza. "Soma ukutani! Soma!"

"Mwenye haki kasamehe. Wahid kasema kweli. Hala, ingia ndani."

"Siingii."

"Basi simama hapo hapo ushuhudie." Hakumtazama. "Inueni mikono. Tusome Fatiha."

Asiyejua na ajue: kwetu Fatiha ikishasomwa juu ya posa, neno limetoka. Nyumba mbili zimefungana. Anayelivunja baada ya hapo analivunja na mengi mengine.

"Baba," Hala akasema. Mara moja tu.

Mzee Ubaid akainua mikono yake, viganja juu. Wahid akainua yake, ina sukari ya halua mpaka kwenye kucha. Saif akainua ya kwake, simu ikiwa bado mkononi, na kule ukutani ujumbe wake ukalala ubavu pamoja nayo.

Cyrus akatazama huku na huku. Aliona watu wanaomba. Alidhani ni dua ya amani, labda hata kuna kipande chake ndani yake, na kwao mtu hakai kimya watu wakiomba. Akasimama kwa goti lake bovu. Akafumba macho, akainua mikono yote miwili.

Mzee Ubaid akasoma haraka, bila kupumua. Na alipomaliza, amina ya kwanza kusikika sebuleni mle, kubwa, ya moyo mweupe, ilikuwa ya Cyrus.